Chokaa, Saruji na Msamiati wa Waashi: Historia ya Ukarabati wa Kuta katika Nyumba za Kale za Lamu

Utangulizi

Methali isemayo "Usipoziba ufa utajenga ukuta" hutajwa kila siku na wasemaji wa Kiswahili, na aghalabu wanaoitaja hawana ukuta wowote mbele yao. Huitumia kumwonya mtoto mtundu, kuwausia wanandoa au kuwashutumu viongozi wazembe. Hata hivyo maneno yake ni maneno ya fundi, na yafaa yarudishwe kwa fundi japo kwa muda. Methali inahimiza ufa uzibwe mapema. Haisemi uzibwe kwa kitu gani. Kwa wakazi wa miji ya kale ya mwambao hapakuwa na haja ya kulisema jambo hilo, kwa kuwa kilichoujenga ukuta ndicho kilichouziba. Katika karne ya 20 hali hiyo ilibadilika. Nyufa nyingi za nyumba za kale zilianza kuzibwa kwa saruji itokayo kiwandani, na si haba kuta ambazo ziliharibika zaidi baada ya kuzibwa kuliko zilivyokuwa kabla.

Makala hii inakusudia kueleza kwa ufupi historia ya ukarabati wa kuta katika nyumba za kale za mwambao wa Kenya, hasa Lamu, na kuonyesha kwamba historia hiyo haiwezi kutengwa na historia ya maneno. Hoja yenyewe ni kwamba msamiati wa waashi ulikuwa ndio kitabu chao cha mafunzo. Ndani yake zilihifadhiwa tofauti za vitu na za kazi ambazo fundi hakuweza kuzipuuza bila kuuharibu ukuta. Maneno hayo yalipoanza kusahauliwa, au yalipopewa maana mpya huku sura yake ikibaki ile ile, tofauti hizo nazo zilififia, na hasara yake ikaonekana kutani. Kwa sababu hiyo suala hili haliwahusu wasanifu wa majengo na wanahistoria peke yao. Linawahusu pia wanaisimu na watunga kamusi.

Kiambaza na Ukuta

Mwanafunzi wa leo akiulizwa neno la kutaja upande wa nyumba atasema "ukuta", iwe nyumba ni ya mawe, ya matofali au ya udongo. Kiswahili cha kale cha mwambao kilikuwa na uangalifu zaidi. Ukuta ulikuwa wa mawe na chokaa. Ule wa miti na udongo uliitwa kiambaza. Kiambaza kina mifupa na nyama: nguzo husimikwa ardhini, fito hufungwa kwa kamba kukingamana na nguzo upande wa ndani na wa nje, kisha nafasi iliyo katikati hujazwa udongo, na mara nyingi vipande vya mawe. Baada ya hapo uso wake hukandikwa. Mwenye uwezo hakuishia hapo. Aliupaka uso huo chokaa, na mpita njia asingeweza kutambua kwa kuutazama tu kama ndani mna mawe au mna fito. Nyumba za namna hii zilienea Lamu, katika Mji wa Kale wa Mombasa na katika mitaa iliyozuka nje ya miji hiyo, na baadhi yake zingali zinakaliwa.

Kihistoria kiambaza ndicho kilichotangulia. Uchimbaji wa kiakiolojia uliofanywa Shanga, katika kisiwa cha Pate, kuanzia mwaka 1980 hadi 1988 chini ya uongozi wa Mark Horton, ulifukua misikiti iliyofuatana mahali pamoja kwa karne kadhaa: ile ya awali ilikuwa ya miti, na ile ya mawe ikaja baadaye. Ibn Battuta naye, alipopita Mombasa mwaka 1331, aliikuta misikiti ya mbao iliyojengwa kwa ustadi. Ujenzi wa mawe, kwa hiyo, haukuletwa ukiwa umekamilika na wageni kutoka ng'ambo kama ilivyodaiwa zamani na baadhi ya waandishi. Ulikua taratibu katika miji iliyokwisha kuwa na mafundi wa miti na udongo.

Tofauti hii ya majina ilikwenda sambamba na tofauti ya vitenzi. Kazi ya mawe na chokaa ilikuwa na kitenzi chake, nacho ni kuaka. Kamusi za zamani, mathalan ya Madan ya mwaka 1903 na ya Johnson ya mwaka 1939, zimekihifadhi. Leo ni nadra kukisikia, ingawa mtoto wake angali hai, naye ni mwashi. Uhusiano wa maneno haya mawili hauna utata kwa anayezijua kanuni za unyambuaji: kama vile pika hutoa mpishi na andika hutoa mwandishi, ndivyo aka ilivyotoa mwashi, na kutokana naye ukapatikana uashi. Wengi hulijua jina pasipo kukijua kitenzi. Kujenga ndiko kulikotwaa nafasi yote, na methali iliyotajwa hapo juu yenyewe inashuhudia kwamba ukuta nao ulikwisha kuingia katika miliki ya kitenzi hicho.

Kuna neno jingine ambalo limepata hasara kubwa zaidi. Kutomea ni kujaza mianya ya ukuta kwa vijiwe vidogo vilivyoshindiliwa katika udongo au chokaa, ili uso uwe imara kabla ya kupigwa lipu. Ni kazi ya katikati, isiyoonekana baada ya nyumba kukamilika, na labda ndiyo sababu ilikuwa rahisi neno lake kusahauliwa. Lakini bila kutomea, fundi hulazimika kujaza shimo kwa lipu tupu. Lipu ikiwa nene kupita kiasi hunywea inapokauka, na ikinywea hupasuka. Neno moja lilikuwa linatosha kumkumbusha mwanagenzi jambo hilo.

Jiwe Linalorudi Kuwa Jiwe

Ili kuelewa kwa nini ukarabati wa kale ulifaulu, ni lazima kwanza kuielewa chokaa. Malighafi yake katika mwambao ni matumbawe. Yako ya aina mbili katika ujenzi: yale laini yaliyokatwa baharini, ambayo huchongeka kwa urahisi yakiwa mabichi, na yale magumu yenye mashimo yanayochimbwa nchi kavu. Ya kwanza yalitumika kwa miimo ya milango, mihirabu na mapambo. Ya pili yalijaza unene wa ukuta, ambao katika nyumba za Lamu hukaribia nusu mita. Vipande vilivyosalia vilipelekwa tanuuni.

Tanuu ya Lamu haikuwa chumba cha matofali. Ilikuwa lundo la duara la magogo lililopangwa kwa ustadi, juu yake yakawekwa matumbawe, kisha likatiwa moto mahali pa wazi. Jiwe la chokaa likifikia joto la kadiri ya digrii 900 za selisiasi hupoteza hewa ya kaboni iliyomo ndani yake na kubaki donge jepesi lenye kiu. Likimwagiwa maji hufoka, hutoa joto na kusagika lenyewe kuwa unga au uji mweupe. Mafundi waliuacha uji huo utulie muda mrefu kabla ya kuutumia, kwa kuwa chokaa iliyokaa hulainika na kushika vizuri zaidi. Ukishapakwa ukutani, uji huo huanza kuvuta tena kutoka angani ile hewa ya kaboni uliyoipoteza motoni, na polepole, kwa miezi na miaka, hurudi kuwa jiwe. Ukuta na lipu yake, kwa hiyo, ni kitu kimoja kwa asili: jiwe la bahari lililovikwa jiwe la bahari.

Lipu hiyo haikuwa kinga tu. Katika nyumba za Lamu za karne ya 18 na ya 19, chumba cha ndani kilipambwa kwa safu za zidaka zilizotiwa nakshi za lipu iliyochongwa ingali mbichi. Utenzi wa Al-Inkishafi wa Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, unaosawiri magofu ya Pate, unawataja makinda ya ndege waliolala katika madaka yaliyokuwa ya vyombo vya thamani. Mara nyingine lipu ni hati. Katika mji wa Gedi kuna kaburi ambalo mwaka wake, 802 Hijiria, yaani 1399 Miladia, umekwaruzwa katika lipu yake. Na katika lipu za Gedi na Kilwa kumeonekana michoro ya vyombo vya baharini iliyochorwa na mikono isiyojulikana. Anayebandua lipu ya kale pasipo kuitazama huenda akawa anararua ukurasa ambao hauna nakala.

Kazi ya Ukarabati na Watenda Kazi Wake

Nyumba ya chokaa haikudhaniwa kuwa itadumu yenyewe. Ilitunzwa. Mvua za masika zilipokwisha, wenye nyumba walikagua sakafu ya juu, yaani paa bapa la chokaa iliyopondwa kwa vipande vya mti, kwa sababu maji yakipenya hapo huteremka ndani ya ukuta na kuozesha boriti. Kuta zilipakwa chokaa upya, aghalabu kabla ya harusi au sikukuu. Desturi ya Lamu ya binti kuolewa na kukaa katika nyumba ya wazazi wake, au katika ghorofa aliyoongezewa juu ya nyumba hiyo, iliufanya ukarabati kuwa jambo la ukoo: kila ndoa ilikuwa sababu ya kuzitazama kuta.

Ufa ulipotokea, hatua zilikuwa na utaratibu wake. Kwanza ukuta uligongwa kwa kifundo cha kidole. Panapotoa sauti nzito, lipu ingali imeshikana na jiwe. Panapotoa sauti ya uvungu, imeachana nalo hata kama uso wake haujaonyesha dalili. Sehemu yenye uvungu iliondolewa mpaka kufikia lipu nzima. Vumbi lilifagiwa, na chumvi iliyotoka kama unga ikapanguswa ikiwa kavu, kwani kuiosha ni kuirudisha ndani. Kisha ukuta ulinyweshwa maji. Hatua hii ni ndogo kwa macho lakini kubwa kwa matokeo, kwa maana jiwe kavu la tumbawe hufyonza maji ya lipu mpya kabla haijashika, nayo ikabaki unga usio na nguvu. Baada ya hapo mianya mikubwa ilitomewa. Ndipo lipu ilipopigwa kwa tabaka: la kwanza la chokaa na mchanga wa chembe kubwa, ambalo uso wake uliachwa na mikwaruzo ili la pili lipate pa kushika, la mwisho jembamba, laini, lenye chokaa nyingi. Kila tabaka lilingojwa. Lilikingwa jua na upepo, na likanyunyiziwa maji kidogo kidogo ili lisikauke kwa pupa.

Katika kiambaza utaratibu ulikuwa na nyongeza moja: kabla ya kugusa uso ilibidi kuitazama mifupa. Fito zilizoliwa na mchwa zilikatwa na kubadilishwa, kamba zikakazwa, udongo mpya ukakandwa mpaka ukalainika, na ukashindiliwa kwa mkono kati ya fito. Ufa wa kiambaza mara nyingi ni taarifa ya ugonjwa uliomo ndani. Anayeufunika juu juu ameizima taarifa, na ugonjwa ungalipo.

Haitakuwa haki kuueleza ustadi huu bila kutaja ni nani waliobeba uzito wake. Katika karne ya 18 na ya 19 sehemu kubwa ya kazi za suluba katika miji ya visiwa vya Lamu ilifanywa na watumwa, na nyumba za mawe ni zao la suluba hiyo. Utumwa ulipofutwa kisheria katika mwambao wa Kenya mwaka 1907, na biashara ya jahazi ikiwa inadidimia, familia nyingi zilizokuwa na nyumba kubwa hazikuwa tena na uwezo wa kuzitunza. Nyumba iliyozoea kupakwa chokaa mara kwa mara ikakaa miaka bila kuguswa. Magofu mengi yanayodhaniwa kuwa ni kazi ya vita au ya wakati ni kazi ya paa lililokosa chokaa. Uashi wenyewe haukufa, kwa kuwa ulikuwa umekwisha kuwa riziki ya mafundi huru na watoto wao. Lakini wateja wake walipungua.

Kuingia kwa Saruji ya Kiwandani

Katika hali hiyo ya unyonge ndipo saruji mpya ilipoikuta nyumba ya kale. Saruji iitwayo Portland ilisajiliwa Uingereza na Joseph Aspdin mwaka 1824, na ikafika Afrika Mashariki pamoja na bandari, reli na majengo ya serikali ya kikoloni. Mwanzoni ilikuwa bidhaa ya kuagizwa kutoka ng'ambo. Mambo yaligeuka kiwanda cha Bamburi, kaskazini mwa Mombasa, kilipoanza kuzalisha saruji mwaka 1954. Tangu hapo mfuko wa saruji ukawa kitu cha dukani, kinachoweza kupakiwa jahazini asubuhi na kupigwa ukutani kesho yake.

Jambo la kuzingatiwa ni kwamba malighafi kuu ya kiwanda hicho ilikuwa mawe ya matumbawe ya kale, ndugu wa yale yaliyochomwa katika tanuu za Lamu. Tofauti imo katika kile kinachochanganywa nayo na katika moto wake. Saruji huchomwa pamoja na madini ya udongo kwa joto la kadiri ya digrii 1450, na kinachopatikana hushikana kwa kunywa maji, si kwa kuvuta hewa. Hushikana kwa saa, wala haingoji miezi. Ni ngumu kuliko chokaa, na haipitishi unyevu kwa urahisi.

Sifa hizo ni njema katika daraja, gati au ghorofa la zege. Katika ukuta wa kale wa tumbawe zinageuka kuwa ila. Ukuta wa Lamu hauna msingi wa kuzuia maji kupanda kutoka ardhini. Huyafyonza, na pamoja nayo chumvi, kisha huyatoa kupitia lipu yake ya chokaa, ambayo ina vinyweleo. Lipu hiyo hubeba madhara badala ya jiwe: chumvi huganda usoni pake, nayo humumunyika kidogo kidogo, na baada ya miaka hubadilishwa. Ukuta huo ukivikwa saruji, maji hukosa njia. Hupanda juu zaidi, hadi kwenye ncha za boriti, au hujikusanya nyuma ya ganda jipya. Chumvi huganda huko huko gizani na kulipasua jiwe. Kwa kuwa ganda ni gumu kuliko kilichomo ndani, halifuati mwendo wa ukuta unapotanuka na kunywea. Hupasuka kwa nyufa nyembamba zinazoingiza mvua na zisizoitoa. Hatimaye hubambuka kwa mabamba makubwa, na kila bamba huondoka na uso wa tumbawe. Katika kiambaza madhara ni ya namna nyingine: udongo na fito hunyauka nyuma ya ganda zima, mchwa hufanya kazi yake bila kuonekana, na siku moja huwa limesimama ganda peke yake.

Fundi aliyetumia saruji hakuwa mjinga wala mhaini wa mila. Aliitwa na mwenye nyumba aliyetaka kazi iishe kabla ya harusi, kwa gharama anayoiweza, na matokeo ya mwanzo yalimpendeza kila mtu. Ukuta ulinyooka na ukakauka upesi. Ila yake ilijitokeza baada ya miaka kadhaa, wakati ambapo hakuna aliyeihusisha na dawa iliyotumiwa. Dawa hiyo ikaongezwa.

Neno Moja, Vitu Viwili

Hapa ndipo isimu inapoingia. Neno saruji halikuzaliwa kiwandani. Limetoka katika Kiajemi kupitia Kiarabu, na katika lugha hizo lilitaja mchanganyiko wa kujengea wenye chokaa ndani yake. Nchini Oman sarooj ni jina la mchanganyiko wa jadi unaotokana na udongo uliochomwa na kuchanganywa na chokaa, na mifereji ya falaj pamoja na ngome za nchi hiyo zilijengwa na kukarabatiwa kwao. Uhusiano wa Oman na mwambao hauhitaji kurefushwa katika makala hii. Itoshe kusema kwamba neno hilo lilifika katika mazingira ambayo chokaa ndiyo iliyokuwa roho ya kila mchanganyiko.

Bidhaa ya Portland ilipofika, Kiswahili kilifanya jambo ambalo lugha zote hufanya: kilichukua jina lililokuwapo na kulitwika kitu kipya kilichofanana na cha zamani kwa matumizi. Pembeni yake palikuwa na neno la mkopo, simiti, ambalo lingaliweza kuitenga bidhaa hiyo. Lakini usanifishaji ulipendelea saruji kwa sababu lilikuwa na sura ya Kiswahili zaidi, na hoja hiyo kwa upande wake ilikuwa ya haki. Matokeo yake ni kwamba neno lenye ukoo wa chokaa likawa jina la mpinzani wa chokaa, na anayesikia kwamba mababu walijenga kwa saruji anaweza kudhani kwa nia njema kwamba mfuko wa dukani ndio mrithi wao halali.

Lipu nayo ilipatwa na jambo la namna hiyo, ingawa kwa njia nyingine. Neno hilo, ambalo asili yake ni lugha za Bara Hindi, hutaja kazi na wala si kitu: ni lipu iwe ya udongo, ya chokaa au ya saruji. Zamani jambo hilo halikuwa na hatari, kwa kuwa mazingira yalikamilisha maana. Siku hizi agizo la kupiga lipu humwachia fundi uchaguzi, naye huchagua kilicho karibu. Maana iliyokuwa ikikamilishwa na mazingira sasa yapasa ikamilishwe na maneno.

Pasiwe na kudhani kwamba neno ndilo lililoleta saruji ukutani. Bei, haraka na uhaba wa kuni na wa mafundi vilifanya kazi kubwa zaidi. Lakini lugha iliyokuwa na kiambaza na ukuta, kuaka na kujenga, kutomea na kupiga lipu, ilikuwa na vizuizi vya kumfanya mtu asite na kuuliza: huu ni ukuta gani, na hii ni kazi gani? Lugha iliyobaki na ukuta, kujenga, lipu na saruji haimsitishi mtu popote.

Juhudi za Hifadhi na Wajibu wa Wataalamu wa Lugha

Kuanzia miaka ya 1960 nyumba za kale za mwambao zilianza kuandikwa kwa makini. Peter Garlake alichapisha mwaka 1966 uchunguzi wake wa usanifu wa kale wa Kiislamu wa pwani ya Afrika Mashariki, na Usam Ghaidan akafuatia mwaka 1975 na kitabu chake juu ya mji wa Lamu. Mji huo ulitangazwa kuwa eneo la hifadhi mwaka 1986, na mwaka 2001 ukaingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Ngome ya Lamu, iliyokuwa gereza hadi mwaka 1984, ilikabidhiwa Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Nyumba kadhaa zilikarabatiwa kwa chokaa, na vijana wakafunzwa kazi na mafundi wazee. Jambo hili lilithibitisha kwamba ufundi ungaliweza kurithishwa.

Hata hivyo mafanikio hayo yana mipaka. Nyumba nyingi si mali ya makumbusho. Ni za watu binafsi, na uamuzi wa kutumia chokaa au saruji hufanywa barazani, baina ya mwenye nyumba na fundi, kwa Kiswahili. Vitabu vinavyoeleza madhara ya saruji, kwa upande mwingine, sehemu kubwa viliandikwa kwa lugha za Ulaya. Wala uzito wa suala hili haupimwi kwa urembo peke yake. Sehemu ya jumba la Beit al-Ajaib mjini Unguja, lililojengwa mwaka 1883, ilianguka tarehe 25 Desemba 2020 likiwa katika ukarabati, na watu wawili walipoteza maisha. Sababu za mkasa ule si mada ya makala hii, ila funzo lake ni la mwambao mzima: jengo la kale linakaliwa na watu na kukarabatiwa na watu, na ujuzi wa kulitunza ni suala la uhai.

Mambo matatu yanaweza kufanywa na wataalamu wa lugha. La kwanza ni kukusanya msamiati wa uashi kutoka kwa mafundi wenyewe, wa Kiamu, Kimvita na lahaja nyinginezo, na kuukusanya pamoja na kazi. Orodha ya istilahi zisizo na maelezo ya utendaji ni kama zidaka bila vyombo. Kutomea, kwa mfano, hakutaeleweka kwa kisawe. Kunahitaji kuelezwa kwa hatua, kwa vifaa na kwa sababu. La pili ni kuzitenganisha maana katika kamusi. Kitomeo cha saruji chapasa kuonyesha maana yake ya kale na ya sasa, na kueleza kwamba si kitu kimoja. Na maneno kama simiti ya kiwandani na lipu ya chokaa yanaweza kupendekezwa kwa matumizi ya kitaalamu bila kukivunjia Kiswahili heshima. La tatu ni kuyarudisha maneno hayo katika mafunzo ya ufundi, ili mwanagenzi anayejifunza uashi ajifunze na lugha yake. Hilo si suala la kupamba kozi. Ni kumpa vizuizi vile vya kumfanya asite kabla ya kuupiga ukuta mwiko.

Pana hoja moja ya upande wa pili ambayo haifai kupuuzwa. Matumbawe ya baharini ni viumbe hai, misitu ya mikoko haina mwisho usiojulikana, na tanuu ya zamani hula kuni nyingi. Hakuna anayeweza kudai kwa haki kwamba mwambao wote urejee kwenye chokaa ya kuchomwa pwani. Lakini dai la makala hii si hilo. Nyumba mpya ina njia zake, na saruji ina mahali pake. Linalodaiwa ni kwamba ukuta uliokwisha kujengwa kwa chokaa uzibwe kwa chokaa, kwa kiasi kidogo kinachohitajiwa na ufa, na kwamba wenye lugha wawe na maneno ya kuutaja wajibu huo.

Kama mwashi angali hai katika Kiswahili ilhali kuaka kumesahauliwa na wengi, basi kazi bado inawezekana, kwa maana aliye na jina la mtendaji anaweza kuongozwa mpaka kwenye tendo. Mafundi wazee wa Lamu wanaoyajua maneno haya kwa mikono yao si wengi. Kuyaandika wangali wanaweza kuulizwa ni sehemu ya ukarabati wenyewe.